Kusoma dizaini Milano: panga maisha yako kwa kufuata studio

Wengi wanaouliza kuhusu kusomea dizaini Italia huanza na viza, wakaja ada, wakaja chumba, na studio hutajwa mwisho kama somo mojawapo tu. Mimi ningeanzia huko mwisho. Ukishajua studio inakula saa ngapi na inakutaka ufanye nini, ndipo utajua ukae wapi, ufanye kibarua kiasi gani na akiba yako uitumieje. Nazungumzia zaidi Milano, nilikosoma, ambako chuo kikuu cha Politecnico kilifungua mwaka 1993 kozi ya kwanza ya shahada ya dizaini ya viwandani nchini Italia. Aliye Torino, Venezia au Firenze atabadilisha majina ya mitaa tu.

Tuanze na hesabu. Masomo ya chuo hupimwa kwa krediti ziitwazo CFU, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 25 za kazi, za darasani na za nje kwa pamoja. Mwaka mzima ni krediti 60. Studio, ambayo kwenye ratiba imeandikwa *laboratorio*, yaweza kubeba krediti 12 peke yake, yaani saa 300 ndani ya muhula wa wiki 14 hivi. Hizo ni zaidi ya saa 20 kila wiki kabla hujafungua kitabu cha somo lingine. Sheria nayo inamruhusu mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na kwa mwaka zisizidi 1,040. Jumlisha uone usingizi utauweka wapi. Kama una njia yoyote ya kumaliza muhula wa kwanza bila kibarua, itumie hiyo. Ukianza kazi baadaye, tafuta ya wikendi, na usikubali zamu ya usiku wa kuamkia *revisione*.

Revisione ndiyo studio yenyewe. Kila wiki kundi lenu linakaa mbele ya mwalimu na wasaidizi wake, mnaweka mezani mlichonacho, nao wanakichambua mbele ya wenzenu. Sisi tuliolelewa na mitihani ya NECTA na KNEC tunapata shida hapo, na wala si shida ya akili. Tumezoeshwa kuficha kazi mpaka ikamilike, na kumjibu mwalimu pale tu tunapokuwa na jibu sahihi. Studio inataka kinyume. Mwalimu anataka michoro ishirini ya kalamu, mingi ikiwa mibaya, na vielelezo vya kadibodi vilivyoshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Ukimletea picha moja ya kompyuta inayong'aa atakuuliza nyingine ziko wapi, kisha ataanza kushuku kwamba uliamua jibu kabla ya kulielewa swali. Mara nyingi atakuwa sahihi.

Chukua mfano wa kazi tuliyopewa ya kuchagua chombo cha jikoni na kukibuni upya. Kundi letu lilichukua mbuzi ya kukunia nazi. Kiti kinachokunjika, ulimi wa chuma wenye meno, basi. Wazo la kwanza lilikuwa kuipandisha juu ya meza, kwa kuwa jikoni za Milano ni finyu na hakuna anayekaa chini. Tukatengeneza kielelezo cha kadibodi na plaiwudi. Msaidizi mmoja wa mwalimu akakishika kwa mkono mmoja, akajifanya anakuna kwa mwingine, na chombo chote kikateleza mpaka ukingoni mwa meza. Hapo ndipo tulipoona ufundi wa wazee wetu: uzito wa mkaaji ndio unaoishikilia mbuzi. Ukimwondoa mkaaji, lazima ulete kibanio cha skrubu, na ukileta kibanio unafikiria unene wa meza, nguvu za mkono wa mtumiaji, na mahali pa kuweka bakuli. Kazi yote ya muhula ilitoka kwenye kule kuteleza. Picha nzuri ya kompyuta isingeteleza kamwe.

Walimu wa Milano wanapenda vitu vya namna hiyo, na wana sababu ya kihistoria. Mbunifu Achille Castiglioni, aliyefundisha Politecnico mpaka miaka ya 1990, alikuwa akimwaga mezani darasani vitu vya kawaida visivyo na jina la mbunifu na kuwauliza wanafunzi kwa nini viko vile. Studio yake pale Piazza Castello iligeuzwa makumbusho. Nenda mapema, wiki zako za kwanza, kabla hujaelemewa.

Lakini kuna mtego. Ukileta mbuzi, au kiti cha Lamu, au ukili, baada ya muda kuna watakaotaka ulete hivyo tu. Kila kundi lenye mradi wa maji safi "kwa Afrika" litakutafuta uwe shahidi wao, hata kama wewe umezaliwa Kinondoni na hujawahi kuchota maji kisimani. Una haki ya kukataa. Fanya angalau mradi mmoja mkubwa usiohusu nyumbani kabisa, kama taa ya hospitali, alama za kituo cha treni au kofia ya baiskeli. Mwajiri atakayesoma kazi zako anataka kujua unafikiri vipi, na hilo halionekani vizuri akidhani unasimulia asili yako.

Kuhusu makundi nitasema kidogo. Mtakuwa watatu hadi watano, kutoka Italia, China, Uturuki, Irani na kwingineko. Waitaliano wakibishana kwa sauti ya juu si ugomvi, na baada ya nusu saa mtakunywa nao kahawa. Kozi nyingi za uzamili zinafundishwa kwa Kiingereza, ila kundi likichoka saa tatu usiku linarudi kwenye Kiitaliano bila kukuomba ruhusa. Jifunze Kiitaliano hata kama chuo hakikudai. Utakihitaji zaidi karakana.

Karakana ina mafundi wake, na hao ndio watu wa kuwasalimia vizuri kuliko wote chuoni. *Buongiorno* kabla ya swali lolote. Wao ndio wanaojua gundi gani inashika akriliki na ipi itaitia ukungu, na ndio wanaoamua kama mchoro wako uko tayari kukatwa kwa mashine ya leza. Kabla ya kugusa mashine utatakiwa kupita mafunzo ya usalama, kwa mujibu wa sheria ya usalama kazini ya mwaka 2008. Yamalize wiki ya kwanza. Wiki ya mwisho wa muhula kila mtu anakumbuka kwamba hajayafanya. Printa ya 3D nayo ina foleni, na kipande cha ukubwa wa kiganja chaweza kuchukua usiku mzima. Kwa hiyo mpango wenu uhesabu siku za kusubiri, na siku moja ya ziada ya kipande kilichoharibika.

Vifaa vinaweza kukumalizia pesa ukiviendea dukani kila mara. Kadibodi iko bure nje ya maduka usiku, na karakana huwa na pipa la mabaki ya mbao na plaiwudi. Kwa revisione za kawaida chapisha kwenye karatasi ya A3, ukiacha ile kubwa ya A1 kwa siku ya mwisho. Ukichonga kielelezo kwa polistirini usikipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, kwa sababu kiyeyusho kilicho ndani ya rangi kitaitafuna mbele ya macho yako. Tumia povu gumu la poliurethani, au ipake kwanza rangi ya maji. Programu za kompyuta usinunue ukiwa bado nyumbani: Blender ni ya bure, Autodesk na Figma huwapa wanafunzi bure, na nyingine chuo huwa kina leseni zake. Pesa hiyo iongeze kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha.

Sasa karatasi za serikali. Ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie Italia unatakiwa uwe umeomba *permesso di soggiorno*, yaani kibali cha ukaazi. Unachukua bahasha ya fomu bure posta, unanunua stempu ya *marca da bollo* ya euro 16, na unalipa gharama nyingine palepale dirishani. Risiti utakayopewa itunze kama pasipoti, kwa kuwa ndiyo itakayokutambulisha kwa miezi. Miadi ya alama za vidole itaangukia siku ya studio, hilo karibu ni hakika. Mwambie mwalimu mapema na uende. Na ukitaka kwenda nyumbani likizo ukiwa na risiti tu, usikate tiketi inayopitia nchi nyingine ya Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja. Pitia Addis Ababa, Doha au Istanbul.

Ufadhili wa mikoa, unaoitwa DSU, ndio uliowasomesha wengi wetu, na unategemea hali ya kifedha ya familia inayopimwa kwa *ISEE parificato*, yaani hesabu ya mapato na mali za familia iliyo nje ya Italia. Nyaraka za mapato, mali na idadi ya watu wa nyumbani zikusanye kabla hujasafiri, maana kumtuma shangazi azunguke ofisi huku wewe uko Milano ni mateso kwenu wote wawili. Soma tangazo kwa makini ujue ni mapato ya mwaka upi, kwani mara nyingi si ya mwaka jana. Mzazi mkulima au mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya mshahara bado anahitaji karatasi inayokubalika, na barua ya mtendaji wa kata peke yake inaweza isitoshe. Waulize ubalozi wa Italia mapema. Wenye nyaraka za Burundi na Rwanda wana nafuu ya apostili, yaani muhuri mmoja unaotambuliwa na nchi zilizo kwenye mkataba wa Hague. Nchi isiyo kwenye mkataba huo, nyaraka zake hupita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozini.

Hapa studio inarudi tena. Katika mikoa mingi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatakiwa awe na krediti 20 ifikapo tarehe 10 Agosti ili apate awamu ya pili ya ufadhili. Studio moja ya krediti 12 ukiipita umevuka nusu. Ukiianguka, umebaki unatafuta krediti 20 kwenye masomo madogomadogo ya krediti 5 au 6. Ndiyo maana nasema kazi ya mgahawa inayokukosesha revisione inakugharimu zaidi ya inavyokulipa.

Pesa za ufadhili hazikusubiri uwanja wa ndege. Njoo na akiba ya miezi ya mwanzo, kwa sababu chumba cha peke yako Milano mara nyingi kinavuka euro 600 kwa mwezi. Kampasi ya dizaini iko Bovisa, na treni za kuelekea Saronno zinapita hapo, hivyo tafuta chumba kwenye njia hiyo ambako bei hupungua. Angalia saa ya treni ya mwisho. Uliza kama chumbani kuna meza, na meza yenyewe ina ukubwa gani. Dai mkataba uliosajiliwa wa angalau miezi 10, kwa sababu bila huo unaweza usihesabiwe *fuori sede*, yaani mwanafunzi anayeishi mbali na kwao, na ufadhili wako ukapungua sana. Mwenye nyumba anayekuambia mkataba hauna haja, muage.

Chakula: kantini za chuo zinatosha mchana. Ugali unapikika, ila siyo kwa polenta ya dakika tano, ambayo imeshapikwa kiwandani na haishikani. Tafuta unga mweupe wa mahindi uliosagwa laini, ulioandikwa *fioretto*. Ukitamani harufu za upande wetu wa bahari, nenda Porta Venezia kwa Waeritrea na Wahabeshi.

Aprili jiji zima linageuka maonyesho kwa ajili ya Salone del Mobile, maonyesho ya samani yaliyoanza mwaka 1961. Mabanda makuu yako Rho, nje kidogo ya jiji, lakini ya mjini, pale Brera, Tortona na Isola, mengi ni bure. Wiki hiyo kuna vibarua vya kufunga mabanda na kupokea wageni, navyo vina faida kwako kuliko kubeba sahani, kwa kuwa unaona kwa karibu jinsi kitu kinavyounganishwa. Tembelea pia SaloneSatellite, sehemu ya wabunifu wasiozidi miaka 35, iliyopo tangu 1998.

Vielelezo vyako havitaingia kwenye begi la kilo 23. Vipige picha siku ileile vinapokamilika, kwenye mwanga wa dirisha na karatasi nyeupe nyuma yake, pamoja na vile vilivyovunjika. Ofisi itakayokuita kwa mafunzo ya kazi itataka kuona vilivyovunjika. Ukihitimu unaweza kuomba kibali cha kutafuta kazi, kisichopungua miezi 9 wala kuzidi 12. Maombi yaende kabla ya kibali cha masomo kuisha, na kwa kuwa diploma yenyewe huchelewa kuchapwa, omba chuo cheti cha kuhitimu mara tu baada ya kutetea kazi yako.