Namna ya Kukagua Ekstensheni ya Umeme Kabla ya Kuilipia

Katika maduka ya vifaa vya umeme mjini Moshi utakuta ekstensheni mbili kutoka nje zinazofanana kwa rangi na umbo, lakini moja ni ya bei rahisi mno. Sikushauri uichukue kabla ya kuikagua, kwa maana niliwahi kuona soketi ya namna hiyo ikiyeyuka nyumbani kwangu binti yangu akipiga pasi sare za shule.

Anza na plagi. Plagi yetu ya pini tatu za mraba hutakiwa kuwa na fyuzi ndani, na pini zake mbili ndogo huvikwa plastiki upande wa shina. Pini kubwa ya ethi, yaani ya waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haivikwi. Ukiiona imevikwa, irudishe hapo hapo, kwa kuwa ethi huenda isiguse kabisa.

Ekstensheni ikiuzwa kwa mita, mwombe muuzaji akuonyeshe ncha ya waya. Nyuzi za shaba halisi hazinaswi na sumaku, na ukizikwangua kwa kisu hubaki nyekundu hadi ndani. Zikitokea nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupata moto upesi na kukatika ikikunjwa mara kwa mara.

Soma pia unene ulioandikwa kwenye waya. Pasi ya wati 2,000 huvuta takriban ampea 9, mzigo usiofaa kwa milimita za mraba 0.75, tafuta 1.5.

Angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), dai risiti, kisha ukifika nyumbani itumie kwa pasi dakika kumi, uichomoe na kushika waya: ukiwa wa moto, irudishe dukani.