Kabla hujatoa hela kununua kisu cha mfukoni, angalia haya kwanza

Wengi wetu tukianza kupenda visu tunaanzia kwenye picha. Unaona kisu cheusi, mgongoni kina meno ya msumeno, kimeandikwa maneno ya kijeshi, unatoa hela, afu wiki mbili baadae kimelala kwenye droo ya jikoni kwa sababu hata nyanya hakikati. Mimi nafunga sola hapa Tanga, kisu kinakaa mfukoni kuanzia asubuhi mpaka jioni, nakata maboksi, kamba, nailoni, namenya mpira wa nyaya (zisizo na umeme, hilo sio la kujadili), na ikifika saa sita kama kuna embe basi embe. Nimeshanunua vibaya mara kadhaa, kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu ambaye bado hela yake iko mfukoni.

Anza na kazi, sio na kisu. Kaa ukumbuke wiki iliyopita ulikata nini hasa, na kwa mkono gani, na ulikuwa wapi. Ukiwa mkweli utakuta ni boksi, kamba, tunda, kifungashio cha plastiki, basi. Kwa kazi hizo bapa la sentimita 7 au 8 linatosha kabisa, tena bapa jembamba linakata vizuri kuliko lile nene kama patasi ambalo watu wanalisifia kwamba ni imara. Na hata hao wanajeshi tunaowaiga, hebu angalia walichokuwa wanataka wenyewe. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach kule Uswisi mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi visu, na jeshi lilitaka kitu cha kufungulia makopo ya chakula na bisibisi ya kufungulia bunduki. Ndio mwanzo wa hii Victorinox nyekundu tunayoijua. Kisu kipya ambacho jeshi la Uswisi linatumia tangu 2009 nacho kina msumeno wa mbao, bisibisi na vifungulia kopo na chupa. Sasa wewe unayefunga sola, au unayeendesha bodaboda, au uko ofisini, kwanini ubebe dude la kama Ka-Bar ya wanamaji wa Marekani, bapa lake karibu sentimita 18? Ni kisu kizuri sana, naweza kukizungumzia mpaka asubuhi, ila ni cha kambini na kwenye mkusanyiko wako nyumbani, sio cha kuingia nacho benki.

Hapo ndio tunaingia kwenye sheria, na tafadhali usiruke. Kenya, Kanuni ya Adhabu inakataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu, na usitegemee kwamba askari usiku wa manane atakaa akusikilize unavyoeleza tofauti ya kisu cha kazi na silaha. Mimi kisu changu kinatembea pamoja na begi la vifaa, nikitoka bila kazi mara nyingi nakiacha au nabeba kile kidogo kabisa cha Victorinox cha sentimita 5.8, kina mkasi na cha kuchonga kucha na hakuna mtu kinamtisha. Ndugu zetu walioko Uingereza, kule kisu cha kukunja kisicho na loki (kile kidude kinachozuia bapa lisijifunge) na makali yake hayazidi inchi 3 unaweza kubeba, kikiwa na loki tu, hata kiwe kifupi vipi, lazima uwe na sababu ya maana. Ujerumani kisu chenye loki kinachofunguka kwa mkono mmoja ni tatizo kukibeba mtaani. Kwenye ndege kiweke kwenye begi linaloingia chini, usibishane na watu wa ukaguzi. Na kuhusu kubeba kisu eti cha kujilinda, mimi siko upande huo kabisa, ukitoa kisu kwenye ugomvi umeshaubadilisha ule ugomvi ukawa kesi ya kuua au ya kuuawa. Kimbia.

Tukija kwenye aina. Kisu kisichokunjika, kile cha kwenye ala, ndio imara kuliko vyote kwa sababu hakina pini ya kulegea wala loki ya kufeli. Kama kazi yako ni shambani au baharini mimi ningekwambia chukua Mora ya Sweden, ile Companion, bei yake ni ya kawaida na ala yake ya plastiki unaiosha bombani. Ila kwa mfukoni tunataka cha kukunja, na cha kukunja uhai wake ni loki, maana loki ikiachia wakati unasukuma, bapa linarudi kwenye vidole vinne.

Kuna visu havina loki, ni springi tu inashikilia, kama hizo Victorinox ndogo, na havina shida ukijua kwamba kazi yake ni kukata tu, usichome nacho wala usikandamize mgongo wa bapa. Kuna loki ya mgongoni, ile iliyopata umaarufu na kisu kinachoitwa Buck 110 cha mwaka 1964, mpini wa mbao na shaba ya njano, ni imara lakini kizito, mfukoni kwenye suruali ya kitambaa kinavuta upande mmoja. Kuna loki ya bati la ndani, unaisukuma pembeni kwa dole gumba, hiyo ndio imejaa kwenye visu vingi vya sasa, na hapo kuwa makini kwa sababu kwenye kisu cha bei ya chini lile bati linashika kwa kipande kidogo tu. Kuna Okapi, ambayo watu wa Afrika tungepaswa kuijua vizuri zaidi, ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yao Afrika na siku hizi inatoka Afrika Kusini, mpini wa mbao wenye nyota na mwezi, mgongoni kuna pete unaivuta ndio kifunge, na kikifunguka kinalia kwa hatua, trr trr trr. Halafu Opinel ya Ufaransa, ya tangu 1890, ambayo ina pete ya chuma shingoni unaizungusha inaziba njia ya bapa, pete hiyo iliongezwa 1955 na mpaka leo sijaona kitu rahisi kuielewa kama hicho.

Dukani kabla hujalipa, fungua, shika mpini kwa ubavu vidole vyote viwe nje ya njia ya bapa, afu kandamiza mgongo wa bapa mezani taratibu kwa kuongeza nguvu. Ikiachia, rudisha. Litikise kushoto kulia, likicheza pale kwenye pini na skrubu imeshakazwa mpaka mwisho, rudisha. Kifunge uangalie kwa juu kama bapa limekaa katikati ya mpini, likigusa upande mmoja ujue walikiunganisha haraka haraka.

Sasa chuma, na sisi watu wa pwani hapa ndio tunaumia. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka na kinashika makali matamu, lakini kinakula kutu. Opinel yangu namba 8 ni ya kaboni, siku ya kwanza nilikata nayo embe nikaifuta kwa shati, baada ya dakika kama kumi bapa likaanza kuwa na mawingu ya bluu na kijivu, nikadhani nimeuziwa kitu kibovu. Kumbe ile ni asidi ya tunda imekutana na chuma, na ile rangi ya kijivu inasaidia kidogo kuzuia kutu nyekundu, kwa hiyo usiisugue na stili waya. Kilichonipa shida zaidi ni mbao. Masika moja begi lililowa, mpini ukavimba, bapa likagoma kutoka hata kwa kucha. Mzee mmoja jirani akakichukua, akageuza, akagonga tako la mpini kwenye ukingo wa baraza mara mbili, bapa likachungulia milimita kadhaa, akalivuta. Baadae nikajua hata huko Savoie, Ufaransa, kinakotoka ndivyo wanavyofanya.

Kwa hiyo kama uko Tanga, Mombasa, Zanzibar, Lamu, na huna tabia ya kufuta kisu kila ukimaliza, chukua stenlesi. Stenlesi nayo sio kwamba haishiki kutu kabisa, inachelewa tu, chumvi ikikaa kwenye pini utaona vidoti. Mvuvi au mpiga mbizi atafute vile vya kampuni ya Spyderco vya chuma chenye naitrojeni, LC200N, vimetengenezwa kwa ajili ya maji chumvi. Chuma cha D2 unachokiona kwenye visu vingi vya China ni katikati, kromiamu yake (ndiyo inayozuia kutu) iko kama asilimia 12 lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya vijipunje vigumu kwa hiyo inashika kutu kuliko watu wanavyodhani, ipake mafuta.

Na hapa ndio jambo langu kubwa kuliko yote: usinunue chuma ambacho huwezi kukinoa mwenyewe. Watu wanafukuza majina, S30V, MagnaCut, vyuma vizuri kweli, makali yanakaa muda mrefu, ila ndani vina vanadiamu na zile punje zake ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la kunolea, unahitaji bati la almasi. Kama huna, siku kikiwa butu ndio basi. Na usikipeleke kwa mnoaji wa baiskeli. Nawaheshimu, panga na jembe wananoa vizuri, lakini mimi nilipeleka kisu changu kizuri kwa mmoja, cheche zikaruka, nikarudishiwa kinakata kweli, ila ncha imekuwa ya bluu. Ile bluu maana yake pale chuma kilipata moto kama digrii 300, ugumu wake ukaondoka, na kweli ile ncha mpaka leo inapinda kwenye kamba ya katani.

Chuma laini kama cha Victorinox unaweza kukinoa hata kwa kikombe. Geuza kikombe cha kauri, kitako kina ule mduara unaokwaruza, hapo. Paka makali wino wa kalamu ya maka kwanza. Simamisha bapa wima, laza nusu, laza nusu tena, afu punguza kidogo, hapo uko kama digrii 20. Pitisha mara tano uangalie, wino ukiwa umetoka mgongoni tu umelaza sana, ukitoka kwenye makali yenyewe uko sawa. Endelea upande huo mpaka dole gumba likipita upande wa pili kutoka mgongoni kwenda nje likwaruzwe na kijiukingo chembamba, geuza upande wa pili, malizia kwenye nyuma ya mkanda wa ngozi ukivuta kurudi nyuma. Gazeti likichanika bila kukwama, tosha.

Kuhusu feki, sio kila cha China ni feki, CIVIVI ni ya China na wanafanya kazi safi. Feki ni kile chenye jina la Benchmade au Spyderco kwa bei ya sahani ya chipsi kuku. Chuma hakijulikani, na loki ndio hiyo nimeshasema inalinda vidole.

Kikifika nyumbani, usiku wa kwanza kizoee ukiwa umekaa, kufungua na kufunga polepole, watoto wakiwa wamelala. Weka tone la mafuta ya cherehani kwenye pini. Na nunua plasta na bandeji uweke kwenye begi hilo hilo, maana kisu kipya kinakata kwanza mwenye nacho, na ikitokea, bana kidonda kwa kitambaa kisafi bila kuachia, usichungulie kila sekunde, na kama damu haikati baada ya dakika kumi au kidole hakikunji, nenda hospitali usiku huo huo.