Kuvuta wachezaji wapya kwenye gildi bila kuokota okota

Oya wazee wa Forge of Empires, lile gemu la mtandaoni la kujenga mji, gildi (kundi la wachezaji) inabeba watu 80 ila hiyo isikutie tamaa ya kuokota kila anayepita, sisi tulijaza fasta kama daladala ya Igoma jioni halafu nusu yao wakawa wamelala tu, vita vya gildi vinaenda siku 11 na mtu hajapiga hata pambano moja, sasa hapo unashindana na nani?

Siku hizi kabla sijatuma mwaliko naenda kwanza kutembelea mji wake. Nikikuta barabara zimepangwa na majengo makubwa yanapandishwa leveli, huyo yuko siriazi. Nikikuta viwanja vitupu na nyumba za enzi mbili nyuma naachana naye hata kama ana pointi kibao. Ila mgeni kabisa mwenye kimji kidogo kilichonyooka namchukua, anafundishika huyo, kuliko jamaa mjuaji.

Ukimwandikia usimkopie tangazo, taja kitu ulichokiona kwake, mwambie mnacheza saa ngapi na mnachangia bidhaa kiasi gani kwenye hazina ya gildi, mapema kabisa asije akashtuka. Kuna dogo wetu wa Kirumba anauza dagaa mchana kutwa, anaingia usiku tu, freshi, tukampa zamu ya usiku.

Wiki ya kwanza mpe mwenyeji mmoja wa kumwelekeza, na mumchangie pointi za forge za kupandisha jengo lake moja kubwa. Akipotea muulize kwanza, si unajua tena umeme. Akiendelea kukaa kimya mtoe.