Kununua na kutunza lubugo Kampala

Anzia Jumba la Makumbusho la Uganda, Barabara ya Kira, uone lubugo halisi, yaani kitambaa cha gome la mti, kabla hujatoa pesa; kisha pita kwenye vibanda vya ufundi nyuma ya Jumba la Maigizo la Taifa. Inua kitambaa kwenye mwanga. Gome la mti wa mutuba lililopigwa vizuri kwa nyundo za mbao zenye mifuo huonyesha nyuzi zilizoshikana, unene mmoja. Palipo pembamba kama karatasi ndipo patakapochanika. Kiraka kilichoshonwa vizuri si kasoro, usikiogope.

Nyumbani usikikunje, maana mkunjo hukatika. Kiviringishe kwenye bomba la karatasi. Usikifue kamwe, kikilowa hulegea. Vumbi toa kwa brashi laini. Jua kali nalo hupausha ile rangi nzuri ya udongo mwekundu.