Jinsi ya kuchora suti ya Dior ya 1947

Haya chukua penseli laini, 2B inatosha, tuchore ile suti ya kike iitwayo Bar aliyoitoa mbunifu wa mavazi Christian Dior kule Paris Februari 1947, koti la krimu na sketi nyeusi ya marinda. Anza na mstari wa wima ugawe vichwa tisa, yaani mwili mzima uwe na urefu wa kichwa mara tisa, ndio tisa, mtu wa kawaida ana saba na nusu hivi ila kwenye michoro ya fasheni miguu huwa inavutwa. Sasa kiuno, hapa ndo penyewe, kibane mpaka uone umezidisha, halafu mabega yawe ya mviringo, pembe usiweke kabisa maana hizo ni za enzi za vita. Koti likishapita kiuno litanue juu ya nyonga kama kengele. Sketi iishie katikati ya muundi, marinda yavute harakaharaka toka kiunoni kwenda chini na mengine yaachie njiani, ukichora yote linakuwa feni hilo. Uso achana nao, kofia pana imetosha. Dior mwenyewe kabla ya kufungua jumba lake la mitindo aliwahi kuishi kwa kuuza michoro, kofia zikiwemo.