Kupima ng'ombe akitembea

Mfugaji anayekwenda mnadani Igunga au Nzega bila kujua kilo za ng'ombe wake humwachia dalali apange bei kwa jicho. Mizani ya kupitia, ile ambayo ng'ombe huikanyaga akitembea bila kubanwa, huwafaa sana wenye kundi kubwa. Tabu yake ni kwamba ng'ombe hatulii. Kwato ikigonga sakafu tarakimu hupanda, akinyanyua mguu hushuka. Mizani hutafuta wastani wa vipimo vingi, hivyo apite taratibu. Aliyepita mbio, futa namba yake.

Sakafu ikae kwenye ardhi ngumu iliyosawazishwa, si udongo wa mbuga unaotitia masika. Itoshe miguu yote minne, lakini isimbebe na wa nyuma yake. Njia iwe nyembamba, wasipite wawili wala kugeuka. Ukiiweka mizani kwenye lango la kuendea hori la maji, baada ya siku chache watapita wenyewe, bila fimbo wala kelele.

Kabla ya kuanza, kwangua samadi na tope, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha weka mfuko wa saruji wa kilo 50 mbele, katikati na nyuma. Ikisoma 50 katikati na 44 pembeni, chungulia chini. Huenda kokoto imekwama.

Kinachowaponza wengi ni saa ya kupima. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ng'ombe mkubwa mwenye kiu ya kiangazi anaweza kunywa lita 30 kwa mkupuo. Ukimpima leo alfajiri na wiki ijayo jioni akitoka lambo, utafurahia unene ambao ni maji matupu. Pima asubuhi kabla hajanywa wala kwenda malishoni, na uchukue wastani wa siku tatu nne mfululizo. Soma na namba ya hereni ya sikioni, kilo za maksai zisije zikaandikwa kwa mtamba.

Kwenye dawa ndiko kosa linakouma zaidi. Ivermektini, dawa ya minyoo, ya asilimia 1 hudungwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Dume la kilo 300 likikadiriwa 200 hupata mililita 4 badala ya 6, na minyoo inayosalia huzaa isiyosikia dawa.

Huna mizani? Pima kwa utepe mzingo wa kifua, nyuma tu ya nundu na miguu ya mbele, na urefu kutoka bega hadi mwisho wa nyonga, kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mzingo 150 na urefu 120 hutoa takriban kilo 249.