Kuacha pombe mazima kwa maamuzi yako mwenyewe

Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, usikate ghafla peke yako, muone daktari kwanza, maana ndani ya siku 2 za mwanzo unaweza kuanguka kama mwenye kifafa na watu wanakufa hivyo. Hilo likikaa sawa amua mara moja, sinywi tena hata moja. Ile sauti kichwani inayosema "leo tu, umechoka" usibishane nayo, ni pombe hiyo inaongea, we osha vyombo, tembea, hamu mara nyingi inapoa ndani ya nusu saa. Pombe zilizobaki nyumbani mwaga zote. Ukiteleza andika ilikuwa saa ngapi, na nani, ulijisikiaje, halafu acha siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu.